Vijana wamebadili maneno ya tenzi: tuwakataze?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mhariri. Usharika wetu umeingia katika mvutano. Vijana wa kikundi cha kusifu wanaimba tenzi za zamani kwa gitaa na ngoma, na sasa wamegusa hata maneno: palipoandikwa "sisi" wanaimba "mimi", na beti wanazoona ni ndefu wanaziruka. Je, tuwakataze?
Mzee wa Kanisa, Moshi

JIBU: Amina, mzee wetu. Hapo pana mambo mawili, na ningeomba baraza lenu lisiyachanganye, kwa kuwa la ala ni jepesi, la maneno ni zito.

Zaburi ya 150 inataja matari, zeze, filimbi na matoazi yavumayo sana. Sioni gitaa litafukuzwa kwa andiko gani. Mtanzania Bernard Kyamanywa alipoandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966, uliimbwa kwa tuni ya Kihaya, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani.

Maneno nayo yamewahi kubadilishwa, tena kwa faida. Wimbo wa Krismasi "Hark! The Herald Angels Sing", ambao Mwingereza Charles Wesley, mtunzi wa tenzi, aliuchapisha mwaka 1739, unaimbwa hadi leo kwa mstari wa kwanza uliorekebishwa na mhubiri George Whitefield mwaka 1753. Hata hivyo John Wesley, ndugu yake Charles, aliandika mwaka 1779 akiwaomba wanaochapa nyimbo zao waziache zilivyo, au angalau waweke maneno ya asili pembeni, ili msomaji ajue kilichobadilishwa. Ombi hilo naliona la haki kabisa.

Anayeimba "sisi" anakiri imani pamoja na aliyeketi jirani yake. Anayeimba "mimi" amebaki peke yake. Zaidi ya hayo, utenzi mzuri hujengwa ubeti juu ya ubeti: wa kwanza unaweza kutaja dhambi, wa tatu ukatufikisha msalabani, na anayeuruka huo wa tatu kwa sababu ya muda anawaacha waumini na hatia isiyo na msamaha.

Katika usharika nilikokulia kulikuwa na bibi asiyejua kusoma, ambaye aliimba beti zote nne kwa moyo, macho ameyafumba. Jumapili moja kiongozi wa uimbaji alibadili mstari bila kutangaza. Midomo ya bibi ilitamka neno la zamani, ikasita, naye akanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Alikuwa amenyang'anywa kitabu pekee alichokuwa nacho.

Kwa hiyo msiwakataze vijana. Waiteni, mkae nao kitabu kikiwa wazi mezani. Neno ambalo kweli halieleweki tena libadilishwe kwa idhini ya mchungaji, nalo lisomwe ibadani wiki moja kabla ya kuimbwa. "Sisi" irudishwe. Beti zote ziimbwe, na kama muda ni mfupi, punguzeni marudio ya pambio. Spika nazo zishushwe kiasi cha mzee aliye benchi la nyuma kuisikia sauti yake mwenyewe akiimba.