Kuchapisha kamusi ndefu ya Python isomeke

Ndugu, hiyo kamusi yako (dict, yaani data ya funguo na thamani zake) yenye orodha ndani ya orodha, ambayo print inaitoa kwa mstari mmoja mrefu usiosomeka, ipitishe kwenye pprint. Imo ndani ya Python yenyewe, husakinishi kitu:

from pprint import pprint
pprint(data, sort_dicts=False)

Usipoweka sort_dicts=False (ipo tangu toleo la 3.8) itakupangia funguo kwa alfabeti, na mimi sipendi kabisa, maana mpangilio wako wa asili unapotea. Data ikiwa na tabaka nyingi mno, ongeza depth=2; vya ndani zaidi vitafupishwa kwa nukta tatu.

Wengi hukimbilia json.dumps(data, indent=2), inayoigeuza data kuwa maandishi ya JSON. Sawa, ila ikikutana na tarehe au seti inagoma, mpaka uiongezee default=str, ili vitu hivyo vigeuzwe kuwa maandishi ya kawaida.