Mpira wa rejeta unaoza kwa ndani, kung'aa kwa nje kusikudanganye

Mkuu umeuliza kama kuna haja ya kubadili mipira ya rejeta (yale mabomba ya raba yanayopeleka maji ya injini kwenye rejeta yakapoe na kuyarudisha) wakati kwa nje inang'aa na haivuji. Mi nakujibu kwa yaliyonikuta. Wa kwangu wa juu ulikuwa mweusi tii, nauosha kila nikiosha injini, siku moja napandisha mlima nasikia puuu! mvuke umetanda kioo chote, nikazima gari palepale na hiyo ndo iliniokolea gaskiti ya silinda hedi isiungue kwa joto. Kuja kuupasua, ndani kuna nyufa nyembamba zimelala kwa urefu, zote karibu na shingo ya rejeta (pale mpira unapochomekwa), katikati hauna hata mkwaruzo.

Ndo ugonjwa wake huo. Kati ya kulanti (maji ya kupozea injini) na vyuma vya injini kunatokea kaumeme kadogo, kanaitafuna raba kuanzia ndani, na kanapenda zaidi huko mwishoni kwenye klampu (kibano kinachoushika mpira). Kwa hiyo macho hayatoshi, tumia vidole. Injini ikiwa imepoa kabisa binya katikati, halafu binya kama sm 5 kutoka kwenye klampu, mwishoni kukiwa kumelegea kuliko katikati au ukasikia kama mifereji kwa ndani, huo umeisha. Uliokauka ukawa mgumu nao toa. Ukivimba na kulainika tafuta kwanza oili inakovujia, la sivyo hata mpya utavimba hivyohivyo.

Wa chini ukiukuta umenywea gari ikishapoa, usikimbilie kununua mpira, anza na mfuniko wa rejeta, mara nyingi kile kivalvu cha kurudisha maji kimekwama.

Kuvua usiuzungushe kwa nguvu, rejeta nyingi siku hizi shingo ni plastiki, ukiivunja umejitafutia msiba mwingine, wewe pasua mpira kwa urefu na wembe. Kuingiza paka kulanti kidogo, grisi hapana. Na klampu za springi usizitupe!! Fundi mmoja alinitolea akaniwekea za skrubu, kila asubuhi matone, anakaza, yanarudi, anakaza tena mpaka ikakata mpira. Springi inafuata mpira ukitanuka na kusinyaa, skrubu inabaki palepale ulipoiacha.

Ukishajaza, toa hewa huku hita imefunguliwa kwenye moto, na kesho yake kabla hujawasha angalia kiwango. Kwangu kilishuka karibu nusu lita nikaanza kusaka panapovuja, kumbe hewa tu ilikuwa imetoka.