Mama, umeniuliza kwa nini siachi doria

Mama,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mama yako kwa sauti, akacheka pale uliposema, "Baba, hulipwi, umri umekwenda, na juzi umerudi kifundo kimevimba. Kwa nini usiwaachie vijana huo msitu?" Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini mtandao wa huku unaujua, na haya ninayotaka kusema hayafai kukatika katikati.

Kwanza hilo la kulipwa. Mshahara hakuna, kweli. Walinzi tunasamehewa msaragambo, zile kazi za pamoja za kijiji, na faini ikilipwa tunapata fungu letu. Sasa angalia kichekesho chake: msitu ukitulia, wezi wakapungua, na hilo fungu nalo linakauka. Mwaka jana sikupata hata hela ya kubadilisha soli za viatu. Mwenyekiti alituambia tufurahi. Nilifurahi kidogo.

La pili sijawahi kukuambia. Huu msitu wa Duru-Haitemba, hapa Babati, unaoniona nikiulinda, niliukata kwa mikono yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wewe hujazaliwa, serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake. Wapimaji walikuja, mipaka ikapimwa, habari zikazagaa kwamba tutafungiwa nje. Unadhani tulifanya nini? Tulikata. Tuliona kwamba ukishakuwa wa serikali hautakuwa wetu tena, basi kila mwenye shoka akawahi chake. Mkaa niliochoma msimu ule ndio ulionunua bati za nyumba uliyozaliwa. Nguzo za jiko la mama yako zimetoka huko huko.

Mwaka 1994 mambo yakageuka. Badala ya kuuchukua, serikali ilikaa na vijiji, navyo ni vinane, kila kijiji kikabaki na upande wake, kikaweka walinzi wake na sheria zake ndogo. Ukijumlisha pande zote ni kama hekta 9,000. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilipokuja kuruhusu vijiji vya nchi nzima kuwa na misitu yao ya hifadhi, huku kwetu watoto walikuwa wameshazoea kuona doria zikipita. Siku ya kuchagua walinzi, mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema achaguliwe anayezijua njia za mkaa. Watu wote wakanigeukia. Niliona aibu, lakini nilisimama.

Na kweli kazi yenyewe ni kuzijua njia. Wewe unadhani tunakwenda kupigana na watu. Hatuna bunduki, tuna filimbi, simu, na daftari. Tunakwenda wawili au watatu, na hatutangazi siku, ila siku ya mnada lazima mmoja wetu aingie, kwa sababu kijiji kizima kinakuwa mnadani na mwizi naye anajua. Mavi ya punda mabichi kwenye njia isiyofika kwa mtu yeyote, hapo kuna mzigo umetoka. Tanuri la mkaa lililofukiwa vizuri halionyeshi moshi mchana, lakini asubuhi na mapema harufu yake inashuka bondeni na umande. Ukisikia mlio wa shoka ukakatika ghafla, usikimbie. Kaa. Anayekata naye anasikiliza. Tunachokiona tunakiandika: visiki vipya vingapi, magome yamebanduliwa wapi, ng'ombe wa nani wameingia upande uliofungwa. Siku nyingi hatuandiki chochote zaidi ya tarehe na majina yetu, na hizo ndizo siku nzuri.

Kifundo sikuumizwa na mtu. Nilikanyaga shimo la muhanga. Mama yako alikwambia vibaya ili unikemee.

Kilichoniuma kweli ni cha baba yako mdogo. Tulimkuta na magunia mawili, akaniambia, "Kaka, andika jina lingine." Mwenzangu alikuwa kijana mdogo, ananitazama kalamu. Niliandika majina yake yote matatu. Alilipa faini kwa mtendaji, akapewa stakabadhi, na tangu siku ile hakukanyaga kwetu mpaka msiba wa bibi yako. Ndiyo sababu ya kile ulichoniuliza Krismasi, mbona hakuja. Nilikudanganya kwamba alisafiri.

Kuhusu vijana, wapo, na wana miguu kuliko mimi. Lakini wao hawajui msitu ulivyokuwa. Wanaona miti, wanadhani ilikuwepo siku zote. Juu ya korongo tunapochota maji ya doria kuna kisiki nilichokikata mwenyewe, nakijua kwa sababu niliacha kovu la shoka kwenye jiwe la pembeni. Ni cha mti wa mwombo, na mwombo haufi ukikatwa juu ya ardhi. Kilichipua machipukizi mengi, ng'ombe wakayala, yakachipua tena. Matatu yakashinda. Leo moja nikilizungushia viganja viwili, vidole havikutani. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijanyesha, majani yake yanatoka mekundu kabisa, unaweza kudhani moto umeingia msituni. Kila zamu yangu napita pale. Yule kijana niliyesema ananitazama kalamu, nilimwonyesha kile kisiki, naye akaniuliza, "Babu, aliyekata alishikwa?" Nilimwambia hapana.

Za usiku nimeacha, hilo umenishinda wewe na mama yako. Zamu yangu sasa ni Jumanne na Jumamosi, mchana tu. Kama unataka kutuma kitu, usitume hela, itaishia kwenye mbolea. Tuma mabuti namba 42, yale yanayofunika kifundo.

Baba yako