Unga mweusi wa kopo si nanografini

Swali: Nafundisha kemia sekondari hapa Mafinga. Kuna fundi anauza unga mweusi, anasema ni nanografini (vipande vidogo mno vya grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja) aliyoipata kwa kuchoma naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, ndani ya kopo. Akiugusisha nyaya, taa ya LED inawaka. Nimesoma kuwa nanografini za aina nyingi hutengenezwa kwa molekuli ndogo kama hizo. Tukibana hewa na kudhibiti moto, wanafunzi wangu watafanikiwa?

Jibu: Hapana, Mwalimu, na tafadhali msijaribu. Swali hili linanifikia Mbeya mara kwa mara, na kosa ni lile lile: kila cheusi chenye kaboni kinaitwa grafini.

Taa kuwaka hakuthibitishi kitu. Kijiti cha kaboni kilichomo kwenye betri ya tochi nacho hupitisha umeme. Tena rangi nyeusi nayo si ushahidi. Heksabenzokoronini, nanografini inayojulikana sana, ina kaboni 42 na haidrojeni 18, na unga wake ni wa njano.

Ulichosoma ni kweli. Mwaka 2015 kundi la Kenichiro Itami wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, lilichukua fenanthrini, molekuli ya pete tatu tu, likaiunganisha na molekuli nyingine yenye silikoni kwa kichocheo cha metali ya paladiamu. Kwa hatua moja vifungo viwili vipya vya kaboni vikafungwa, silikoni ikang'oka, kemikali iitwayo kloranili ikapokea haidrojeni zilizotolewa. Fenanthrini, C₁₄H₁₀, ikawa molekuli kubwa zaidi, C₂₆H₁₆. Kinachonivutia ni mahali: paladiamu ilishika ukingo mmoja wa fenanthrini, ule tunaouita eneo K, ikaacha kingo nyingine zote. Badilisha molekuli ya kuanzia, au ile unayoipandikiza, na unapata umbo jingine lenye rangi yake na tabia yake ya umeme. Wingi wa aina unatokana na uchaguzi huo.

Moto hauchagui. Unavunja na kuunga ovyo, mwishowe una masizi: molekuli chungu nzima zilizochanganyika, benzopirini ikiwemo, ambayo imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tangu 1775 daktari Percivall Pott alieleza saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa wasafisha dohani wa London, waliokuwa wakishinda kwenye masizi. Naftalini nayo huwaka upesi, na mvuke wake huweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo. Upungufu huo si adimu kwetu, na darasani huwezi kumtambua mwenye nao kwa macho.

Kinachoniudhi zaidi ni kuona unga huu ukiuzwa hata kwa kuchujia maji ya kunywa. Yeyote anayeuziwa "nanografini" aombe kipimo cha uzito wa molekuli kutoka maabara. Heksabenzokoronini itaonyesha 522. Masizi yataonyesha vilele vingi kwenye chati ya kipimo, visivyo na mpangilio, na muuzaji asiye na kipimo kabisa hajui anachouza. Kama kuna nyumba inayochuja maji kwa unga huo, waache leo, wayachemshe kama kawaida.