Vidole vimekakamaa, je, ni jongo?

SWALI: Daktari, nauza mboga Kawangware. Kila asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimevimba. Kuwakatia wateja sukuma siwezi mpaka saa nne. Jirani anasema ni jongo, niache nyama. — Mama Mboga

JIBU: Mama, jirani anakunyima nyama bure. Jongo kwa kawaida huvamia ghafla, kiungo kimoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kutokana na chembechembe za asidi ya yuriki. Yako yanafanana zaidi na baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando wa viungo. Una mabaka ya magamba au kucha zenye vishimo? Useme, maana soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye dalili hizo, nayo huumiza viungo. Vidonge vya dukani hutuliza maumivu tu huku mfupa ukiliwa. Nenda upimwe damu, na uombe rufaa kwa daktari wa viungo mapema.