Rafiki wa mmoja, mgeni wa wawili

Kwenye mafundisho ya ndoa pale usharikani tulifundishwa mambo mengi: fedha, wakwe, kitanda, maombi ya pamoja, hata namna ya kugombana bila kutukanana. Kuhusu marafiki tuliambiwa sentensi moja tu, "mchague marafiki wema," kisha mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Ajabu ni kwamba mwaka wetu wa kwanza wakwe hawakutusumbua hata kidogo. Mama mkwe yuko Moshi, akipiga simu anauliza kama tumekula, basi. Waliotukalisha macho usiku tukijadiliana ni marafiki, tena wale tunaowapenda.

Kwa hiyo wadogo zangu wa kwaya wanaosubiri matangazo yao ya ndoa yasomwe wakiniuliza waanzie wapi, huwa nawajibu waanze na marafiki. Kila mmoja ataje watu wake, mwenzake ajue nani ni nani. Rafiki wa mmoja akishavuka mlango wenu ni mgeni wa wawili: atakula chakula cha wawili, atakopa hela ya wawili, ataondoka na habari za wawili. Basi na uamuzi juu yake uwe wa wawili.

Kwenye michango ndiko penye moto, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ukiwa na miaka ishirini na kitu hapa Dar es Salaam, rika lako lote linaoana kwa mkupuo. Unaamka umeshaingizwa kwenye grupu la "Kamati ya Harusi", mwenyekiti anakumbusha kikao cha Jumapili jioni, mchana mhazini anabandika orodha. Orodha ile ndiyo yenyewe. Jina, ahadi, alicholipa, salio. Umeahidi 100,000 na kwenye safu ya malipo kuna sifuri. Kila mtu akilipa orodha inabandikwa upya, wewe na sifuri yako mko palepale. Hapo bado sendofu, bado kichenipati na sare yake ya kitenge, bado zawadi ya kikundi. Harusi moja inakula mara tatu.

Sasa mkishakuwa wawili, kila mmoja amekuja na watu wake: wa kazini, wa chuo, wa kwaya, wa mtaa aliokulia. Magrupu yanajumlishwa haraka kuliko mishahara. Na huwezi kujifanya hujui, maana ni watu haohao waliolipia ukumbi wako na kukesha kwenye vikao vyako mpaka siku ya kuvunja kamati.

Sisi tulimwomba mhazini wetu lile daftari la michango, tukaliweka pamoja na cheti cha ndoa. Kadi ikija, daftari linafunguliwa kwanza. Aliyetuchangia hapewi pungufu ya alichotoa. Ndugu wa damu, na wale wachache waliobeba harusi yetu mgongoni, hao hawapimwi kwa daftari. Wengine wote wanagawana kiasi tulichotenga kwa mwezi huo, na kikiisha kimeisha. Anayekuja baada ya hapo anapata mikono yetu: mimi napokea wageni mlangoni, mume wangu anasimamia vinywaji, kazi ambayo hakuna anayeitaka kwa sababu kila mjomba anadai kreti yake.

Jambo la pili, sema kiasi mapema, tena useme unachoweza. Kinachoumiza maharusi ni ahadi hewa. Kamati inahesabu sahani za chakula kwa kuangalia ahadi, halafu wiki ya mwisho mhazini anapigia watu simu zinazoita tu. Ujumbe wetu ni mfupi: "Hongera sana ndugu yangu. Sisi tutakuwa na 50,000, tunaituma tarehe 28. Kadi tupe ya mtu mmoja, atakuja mmoja wetu." Unatumwa kwa mwenye harusi mwenyewe. Ukiuandika kwenye grupu utaanzisha mjadala wa kadi singo na dabo usioisha leo. Wapo wazee kanisani wanaoona wanandoa wapya kwenda ukumbini mmoja mmoja ni dalili mbaya. Tunawaamkia, tunasonga mbele.

Na kama mna mwaka mmoja tu ndani ya ndoa, msikubali vyeo vya kamati. Kumbukumbu la Torati 24:5 inasema mwanamume aliyeoa mke mpya asiende vitani wala asipewe shughuli, akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Mume wangu aliutumia mstari huo kukataa uhazini mbele ya kikao kizima. Watu walicheka sana, lakini walimwacha.

Mambo ya wageni nayo. Tunaishi chumba na sebule huku Kimara, jiko ni kona ya sebule. Rafiki wa mume wangu akija kuangalia mpira, na mimi niko mpirani, nipende nisipende. Yupo mmoja, mtu wa Yanga wa kufa na kuzikana, alikuwa anapiga hodi jioni muda uleule ninaoinua mwiko. Sikumchukia, na chakula sikumnyima. Lakini ugali wa watu wawili hauliwi na watu watatu bila mmoja kujifanya ameshiba, na anayejifanya huwa ni mke.

Kanuni tuliyoifikia ni kwamba mwenye rafiki ndiye anayesema. Mimi nikimwambia rafiki wa mume wangu apunguze kuja, nimemfukuza, nitakuwa "yule mke aliyembadilisha mwenzetu." Mume akisema mwenyewe, ni mazungumzo ya wanaume wawili. Na mahali pa kusema si mezani. Ni wakati wa kumsindikiza. Alimsindikiza mpaka kijiwe cha bodaboda, akamwambia kwamba katikati ya wiki tunakuwa wenyewe, ila Jumapili baada ya ibada na siku za mechi kubwa, karibu hata kabla ya chakula. Jamaa alielewa. Siku hizi anakuja na nusu kilo ya nyama kwenye mfuko na anakata vitunguu mwenyewe, huku akiniombea nihamie Yanga.

Nawapenda Akila na Prisila wa kwenye Biblia kwa sababu hiyo. Walikuwa wanandoa wenye kazi ya mikono, washona mahema, wametimuliwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine wakati wa Klaudio, wakaanza upya Korintho, na bado Paulo alikaa kwao. Kanisa lilikutanika nyumbani mwao. Lakini tazama walivyomfanya Apolo katika Matendo 18. Walimsikia akihubiri, wakaona kuna kitu hajakijua sawasawa, wakamchukua kwao wakamweleza. Wote wawili walimweleza, na hawakumkatiza mbele za watu. Tungefanya hivyo na marafiki zetu badala ya kuwapigia mafumbo kwenye stetasi, ugomvi mwingi usingekuwepo.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo naliona sana: wanandoa wapya kuwatupa wenzao ambao hawajaoa. Unatoka kwaya ya vijana, unaingia vikundi vya kina mama, na ghafla rafiki aliyekupaka hina usiku wa kuamkia harusi hana tena pa kukupata. Ukimuuliza anasema, "Sitaki kuwasumbua." Ukweli ni kwamba kila alipokuja mlizungumza habari za "sisi", mkamuuliza na yeye lini, mkamwombea mume palepale bila kuulizwa. Mwacheni apumue. Mpe kazi ya kawaida, amenye vitunguu saumu, aseme habari za bosi wake. Mume wangu huwa anaondoka makusudi kwenda kunyoa, akirudi baada ya saa tatu nzima nywele zilezile.

Na marafiki wa jinsia nyingine, mbona tunaogopa kulisema? Nina rafiki wa kiume tangu chuoni, alizoea kuniandikia usiku, saa nne, saa tano, mambo ya kuchekesha tu. Nilimwambia wazi kwamba usiku simu yangu inalala, anitafute mchana, na Jumapili aje amjue shemeji yake. Alikuja. Sasa hivi wamekuwa marafiki wao kwa wao, na nina hakika wananiteta. Ambaye angekataa kuja kumjua mume wangu, huyo ningejua cha kufanya naye.

Halafu lile swali. Ndoa ina miezi michache, rafiki anakukagua tumbo kwa macho kabla hata ya kukusalimia: "Vipi, bado kimya?" Wengine wanauliza kwenye jumuiya, mbele ya wazee, kisha wanaligeuza kuwa hitaji la maombi. Kuna dada mmoja tunayesali naye jumuiya alikuwa ametoka kupoteza mimba wiki ileile, na aliitikia "amina" kama wengine. Ukiulizwa wewe, jibu la mume wangu limetusaidia sana: "Tukiwa na habari, mtaisikia kwetu." Anatabasamu, anabadilisha mazungumzo. Ukiwa wewe ndiye rafiki, usiulize.

Kuhusu siri za ndani sitasema mengi, maana kila mtu anajua na bado tunazimwaga. Tofautisheni rafiki wa kucheka naye na mtu wa kupelekewa ugomvi. Kanisani kwetu wasimamizi wa ndoa huwa ni mume na mke waliokwisha kuoana, na watu wengi wanawachagua kwa ajili ya picha, wapendeze pembeni ya maharusi. Chagueni wale ambao mtaweza kukaa sebuleni kwao mmenuniana. Sisi tumewahi kufanya hivyo. Msimamizi wetu alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho, akanisikiliza mimi mpaka mwisho, mkewe akapakua wali, na hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba tulikuwa na neno. Ningempelekea shoga yangu ugomvi ule, sisi tungepatana kesho yake, yeye angeendelea kumnunia mume wangu mpaka Pasaka.

Ila hapa nisieleweke vibaya. Kipigo si siri ya ndani. Mtu akikupiga, usingoje kikao cha wasimamizi wala usitunze heshima ya nyumba. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda, na mwambie mchungaji baadaye. Rafiki anayekushauri uvumilie na kuomba huku unavimba uso, huyo hakusaidii, hata kama anajua mistari mingi.

Limebaki la mikopo. Rafiki akiomba tumkopeshe, tunaambiana kabla ya kujibu, na tunatoa kiasi ambacho kisiporudi hatutagombana. Kama ameomba 200,000 na uwezo wetu wa kusamehe ni 40,000, anapewa 40,000 na hatumfuatilii. Mume wangu anaona tumwambie kabisa kwamba ni zawadi, asiione aibu kuja kwetu. Mimi nasema abaki akijua anadaiwa, maana na mimi kodi ya miezi sita inanijia. Hilo bado hatujakubaliana, na mwezi huu kuna mmoja ameshaomba.