Fizikia, Maswali Yenu: Nusu ya Nishati Imekwenda Wapi?

SWALI: Tulitundika jiwe la mizani la kilogramu 0.5 kwenye springi yenye ugumu wa nyutoni 100 kwa mita. Lilipotulia, springi ilikuwa imerefuka sentimita 4.9. Nishati tuli (ile ya kimo) iliyopungua kwa jiwe kushuka (mgx, yaani uzito mg mara umbali x) ni jouli 0.24, lakini iliyohifadhiwa kwenye springi (½kx², k ikiwa ugumu wake) ni jouli 0.12 tu. Tumerudia hesabu mara tatu. Tumekosea wapi?

JIBU: Hamkukosea popote. Jouli 0.12 zimetoka kweli kwenye mfumo wa jiwe na springi, na zingetoka nusu vilevile hata kama springi ingekuwa ngumu zaidi au jiwe zito zaidi.

Tazameni kani zenyewe. Mvutano wa dunia unalivuta jiwe kwa nyutoni 4.9 tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Springi huanza na sifuri, ikafikia nyutoni 4.9 pale tu jiwe linapofika mahali pa msawazo. Wastani wa kani yake njiani ni nyutoni 2.45. Kwa umbali uleule, basi, mvutano umefanya kazi maradufu ya ile iliyoingia kwenye springi. Ziada huwa mwendo. Mkiliachia jiwe ghafla, litapita kwenye msawazo likiwa na kasi ya karibu mita 0.69 kwa sekunde, yaani hizo jouli 0.12 mnazozitafuta. Litaendelea hadi sentimita 9.8 chini ya lilipoanzia, na pale hesabu inafunga yenyewe: mgx ni jouli 0.48 na ½kx² ni jouli 0.48.

Kisha litapanda na kushuka, kila mzunguko ukichukua kama sekunde 0.44. Hewa inayosukumwa, chuma cha springi kinachojikunja na kujikunjua, na kishikizo cha juu kinachotikisika vinaichukua ziada hiyo kidogo kidogo na kuigeuza joto. Nishati ya mtikisiko hufuata mraba wa umbali kutoka msawazo. Kwa hiyo jiwe linapokuwa linacheza sentimita 2.45 tu badala ya 4.9, robo tatu ya ziada imekwisha kwenda. Msitarajie kipimajoto kiwaonyeshe chochote: hata jouli zote 0.12 zikiingia kwenye springi ya chuma ya gramu 50, joto litapanda kama nyuzi 0.005 za Selsiasi.

Na kama mlilishusha jiwe taratibu kwa mkono? Hapo hakukuwa na mtikisiko, ila mkono ulikuwa ukilibeba jiwe njia nzima, kwa wastani wa nyutoni 2.45, huku ukishuka nalo. Jouli 0.12 zilipokelewa na mkono. Wengi husahau kuuhesabu mkono.

Onyo moja la vipimo. Springi ambazo pete zake zimebanana huwa na mkazo wa awali, hazirefuki mpaka kani ivuke kiwango fulani, na kwa springi ya namna hiyo ½kx² haitoi nishati yote iliyomo. Ipimeni kwanza: tundikeni kilogramu 0.1, 0.2, na kuendelea hadi 0.5. Kila hatua iongeze karibu sentimita 0.98, na mstari wa grafu upite kwenye sifuri. Usipopita hapo, badilisheni springi. Pia someni rula macho yakiwa sawa na alama. Kusoma kutoka juu au chini huingiza kosa la milimita kadhaa, na kwa kuwa x inapandishwa mraba, kosa la asilimia 5 huwa kama asilimia 10 kwenye nishati.

SWALI: Kipande cha mbao cha kilogramu 2 kinateleza kwenye mteremko kwa kasi isiyobadilika. Naweza kuandika kwamba msuguano umepunguza nishati yake tuli?

JIBU: Usiandike hivyo. Nishati tuli hapa hutegemea kimo peke yake, na haijui kama mteremko ni laini au una mikwaruzo. Kikishuka mita 0.5, imepungua jouli 9.8, msuguano uwepo usiwepo. Kazi ya msuguano ni kuamua jouli hizo ziwe nini. Kasi haikuongezeka, basi nishati mwendo haikupata hata chembe, na zote 9.8 zimekuwa joto kwenye nyuso mbili zinazosuguana. Hakikisha kwa njia ya pili: kama urefu wa mteremko ni mita 2, kani ya msuguano ni nyutoni 4.9, na 4.9 mara 2 ni 9.8. Wanaokosa alama hapa mara nyingi huzidisha msuguano kwa kimo badala ya urefu wa njia.

SWALI: Nimepata nishati tuli ya jouli hasi 6. Ni kosa?

JIBU: Si kosa, mradi umesema sifuri umeiweka wapi. Ukiiweka juu ya meza, kitu kilicho sakafuni kina nishati tuli hasi. Ukiiweka sakafuni, kitu hichohicho kina sifuri. Tofauti kati ya sehemu mbili haibadiliki, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye majibu yako. Kosa ni kuihamisha sifuri katikati ya hesabu.